Watu wa Upande wa Mama

Nakumbuka siku ile wazee wa upande wa mchumba wangu walipofika nyumbani kwetu Makambako. Baada ya salamu, mmoja wao akauliza kwa upole, "Na kwa upande wa mama wa binti, wajomba ni nani?" Mama akainuka, akaenda jikoni, hakurudi mpaka wageni walipoaga.

Mwanangu, wewe unayetaka kuwajua watu wa kwenu, sikia: mama yangu, Anastasia, alilelewa na masista kwenye misheni moja nje ya Njombe. Alichojua ni kwamba aliletwa pale akiwa kichanga, basi. Nilipomwambia nataka kuwatafuta watu wake, alijibu huku akichambua maharage, "Unatafuta nini? Wangenitaka, wangenifuata."

Nilimbembeleza mpaka akakubali tufuatane. Paroko, mzee mpole aliyevaa masweta mawili kwa ile baridi ya kwetu, akafungua kitabu cha ubatizo, akafuata mistari yake taratibu kwa kidole. Jina la mama likaonekana. Likafuata la mama yake, na pembeni pameandikwa "marehemu". Kisha la msimamizi wa ubatizo, Veronika, na kijiji alichotoka.

"Kitabu kinaishia hapa," Paroko akasema. "Yaliyobaki yako kwa watu. Nendeni."

Mama akatoka, akaketi kwenye ngazi za kanisa. Nami nikaketi kando yake. Akajifunga kanga yake vizuri, akasimama. "Kama ni kufukuzwa, wanifukuze leo, nijue moja."

Kijijini tulielekezwa kwenye nyumba iliyo kando ya shamba la viazi. Bibi kikongwe alikuwa jikoni anaota moto. Ndiye Veronika.

"Kamwene, bibi," mama akasalimia, akajieleza kuwa ni mtoto aliyeachwa kwa masista, na jina la mama yake akalitaja.

Yule bibi akamsogelea, akamtazama usoni. "Mtoto wa dada yangu?"

Ndipo akatusimulia. Dada yake alifariki kwa uzazi, na maziwa hayakupatikana, basi yeye Veronika akambeba mtoto hadi misheni, akamsimamia ubatizo, akawa anakwenda kumwona. Kisha mtoto akaugua, akapelekwa hospitali ya mbali. Habari zilipita midomo ya wengi, na zilipofika kijijini zilisema mtoto amekufa.

"Tulikaa matanga yako," akasema, mikono yake ikimshika mama mashavuni. "Tulikulilia, mwanangu."

Mama yangu, mwenye mvi tayari, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake mdogo, akalia kama mtoto. Harusi yangu ilipofika, mama ndiye aliyesimama kuwatambulisha kaka zake, watoto wa Veronika, mmoja mmoja, kwa sauti iliyosikika hadi nje.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: mzazi wako akinyamaza anapoulizwa kwao, usimharakishe wala usidhani hajali. Huenda umegusa panapouma. Nenda parokiani au usharikani, omba kwa adabu usomewe kitabu, andika kila jina, hata la msimamizi. Halafu funga safari uende mwenyewe, maana kitabu kitakupa jina na kijiji, lakini hakiwezi kukuambia kwamba kuna watu waliomlilia mzazi wako.

Mungu akupe nguvu ya kwenda, na akufikishe wakati bado yupo wa kukufungulia mlango.