Nilimtuma Shemeji Anisemee Barazani

Nilipoteza matuta arobaini na sita ya bondeni Jumatatu ya wiki jana, kabla ya saa sita mchana, nami sikuwepo. Jina langu analo mhariri. Nimemwomba alifiche, maana huku Njombe gazeti moja husomwa na kijiji kizima.

Nina miaka thelathini na saba, mjane mwaka wa sita, watoto wanne, na mama mkwe ninayekaa naye. Mume wangu alipofariki, bonde lile lilikuwa matete na maji matupu. Nilichimba mitaro mwenyewe, nikainua matuta manane mwaka wa kwanza, nikaongeza kila kiangazi. Viazi vyangu hufika Makambako wakati vya milimani vimekwisha. Sijawahi kumwomba mwanamume hata jembe.

Jumbe wa kijiji akaita baraza, kila mtu ataje matuta yake mbele ya mashahidi. Siku hiyo hiyo lori la Makambako lilikuwa likipakia, nami nina magunia tisa. Kwetu mjane husemewa na shemeji yake. Nikaona, ya nini kupoteza siku? Nikamtuma. Akasimama akasema bonde lote ni lake, mimi ananisaidia tu kwa kuniachia nilime.

Niliporudi akanipokea, "Kamwene, shemeji," kama hakuna lililotokea.

"Nilikutuma useme ni yangu!"

"Wewe ulikuwa sokoni, aliyesimama ni mimi. Kwani nani kakufukuza? Lima tu, ila ishirini na matatu ya juu nitapanda mimi."

Nusu kamili! Kuhesabu anajua, kuchimba hajui.

Nikaenda kwa jumbe. Akaniambia, "Mama, njoo barazani useme mwenyewe, naye akiwepo." Hakuna mwanamke aliyewahi kusimama pale. Tangu hapo sikai nikatulia. Napalilia palipokwisha kupaliliwa, huku nasema peke yangu kama mwenye homa.

Na mama mkwe analia: "Mwanangu, nimebakiwa na mtoto huyo mmoja. Ukimwita mwongo mbele ya watu, mimi nitaota moto kwa nani?" Kuni za moto huo nakata mimi.

Wasomaji, pole msinipe, ninazo za kutosha. Nataka neno moja: nisimame, au nichukue nusu ninyamaze? Baraza ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Jibu lichapwe wiki moja kabla. Likinifikia Jumapili baada ya baraza, nitakuwa nimekwisha kusema, au nimekwisha kunyamaza.