Mkono Begani mwa Mama Mkwe

Kwetu Usukumani mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Nimeishi na mila hiyo tangu nioe na haijawahi kunisumbua. Mama mkwe akiwa na neno na mimi humpa mke wangu, na jibu langu hurudi kwa njia hiyohiyo.

Uzeeni mama mkwe aliamua kubatizwa. Alijifunza katekisimu kwa Kiswahili, lugha anayoisema kwa shida, huku kifua kikimsumbua. Padre hufika kigango chetu, huku upande wa Rwamgasa, kwa nadra, kwa hiyo Jumapili ile ikimpita hakuna aliyejua kama angeikuta nyingine. Mke wangu alikuwa amejifungua juzi tu, akanituma nimwakilishe. Nilikaa benchi la nyuma, mbali kama heshima inavyotaka. Msimamizi wake wa ubatizo, mama mmoja anayeuza chakula machimboni, alikaa naye mbele.

Katikati ya mahubiri pikipiki zikaanza kupiga honi. Duara moja, yaani shimo la wachimbaji, lilikuwa limetema dhahabu. Hapa kwetu habari ya namna hiyo haihitaji tangazo. Wanaume walitoka wakijifanya wanakwenda kukohoa, kisha kwaya ikawafuata. Katekista alitoka kwenda kuwatuliza, naye hakurudi. Mwishowe msimamizi akamnong'oneza mama mkwe kitu, akajifunga kanga yake vizuri akaondoka. Wateja wake wote walikuwa wameshatangulia. Mimi nilibaki, si kwa utakatifu, bali kwa kumwogopa mke wangu.

Padre alitazama mabenchi. Walikuwepo watoto, na vikongwe wawili ambao wenyewe hawajabatizwa.

"Msimamizi yuko wapi?"

Akanigeukia mimi. "Wewe una kipaimara?"

"Ninacho, Padre. Lakini huyu ni mama mkwe."

Padre si mtu wa huku. "Vizuri zaidi, ni familia," alisema. "Njoo uweke mkono begani."

Vikongwe waliguna. Nilikwenda mbele nikasimama nyuma ya mama mkwe, mikono nimeificha mgongoni, nikiona aibu ya kufa mtu. Yeye ndiye aliyerudi nyuma mpaka bega lake likanifikia. Nikaweka mkono. Bega lilikuwa jembamba na la moto, na nilimhurumia kuliko nilivyotarajia.

Padre akamuuliza anaomba nini kwa Kanisa. Nje honi zilizidi. Mimi nina karasha, mashine ya kusaga mawe, na mawe ya duara lile lazima yangesagwa na mtu. Nikajiuliza kama kijana wangu ameshawasha mashine, au jirani ameshaniwahi. Kichwa kikageukia mlangoni, na mkono nao ukalegea.

Mama mkwe hakujibu. Padre akarudia swali, taratibu, na bado akanyamaza. Nikadhani Kiswahili kimempotea, nikaanza kumtafutia jibu.

"Baba," aliniita, bila kugeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami bila kumpitia mke wangu. "Mimi niko tayari. Nakungoja wewe urudi kutoka huko mlangoni."