Dari ya Vikwembe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha hali ya hewa cha Kamina, nilikemewa kabla sijasalimia. Nilikuwa nimefungua mlango wa kibanda cha vipimo na kuinama kutazama ndani, pumzi yangu ikagusa kipimajoto. Mkuu wa Kituo wa wakati ule, mzungu mzee aliyevaa kaptura hata Jumapili, alinivuta nyuma kwa kola ya shati.

"Banza, weye unapima hewa ao unapima tumbo yako?" akaniuliza. "Pumzi iko moto. Funga kinywa, soma mbio, funga mulango."

Nikasoma huku nimebana pumzi. Niliendelea kusoma hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na hata leo nikitazama saa ya ukutani mke wangu hunicheka kwamba nabana pumzi.

Kibanda chenyewe kilikuwa sanduku jeupe la mbao juu ya miguu minne, kuta zake ni vibao vilivyolazwa mshazari ili hewa ipite na jua lisiingie. Mlango ulielekea kusini, kwa sababu Kamina jua hupita upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka. Ndani kulikuwa na vipimajoto vinne. Kimoja kilikuwa kikavu. Cha pili kilivikwa kitambaa chepesi chenye maji, na tofauti kati ya viwili hivyo hukuambia hewa ina unyevu kiasi gani. Cha tatu hushika joto la juu kabisa la siku: zebaki hupanda na kubaki pale pale mpaka ukikung'ute. Cha nne hushika la chini kabisa. Nyinyi vijana mnaopima kwa vitu vya kubonyeza hamjui raha ya kukikung'uta kipimajoto cha tatu bila kukivunja. Mimi nilivunja kimoja mwaka wa kwanza, na Mkuu yule alikaa wiki nzima bila kunisemesha.

Baadaye walinipeleka Malemba-Nkulu kupima mvua. Ni kazi ya mtu mpweke: kila asubuhi unamimina maji ya kopo katika bomba la kioo, unaandika, unarudi nyumbani. Nilikaa huko misimu minne, nikarudishwa Kamina chini ya Mkuu wa pili, mtu mwembamba mwenye mwandiko wa kupendeza. Huyu hakukemea. Alikuwa akipitisha kidole chake juu ya daftari langu polepole, safu baada ya safu, kisha anasema, "Daftari njo kiapo yako, Banza. Kile machine inasema, unaandika. Kile moyo inasema, unaacha ku nyumba." Upande wa kulia wa kila ukurasa palikuwa na safu ya maoni, ya kuandika jambo lolote lisilo la kawaida. Nilikuwa naijaza kwa moshi wa moto wa nyika na vumbi la barabara. Nilijiona mtumishi mwaminifu sana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Kamina ilianza kupanuka haraka. Kambi ya wafanyakazi ilijengwa kwa nyumba za matofali, safu kwa safu, zenye madirisha madogo na paa la mabati, ambayo kwetu tunaita manjanja. Mabati yalipigiliwa moja kwa moja juu ya mbao, bila dari. Ukilala chali ulihesabu misumari. Mama mkwe wangu, ambaye kambi nzima ilimwita Mama Ngoie kwa jina la mke wangu, aliishi safu ya kwanza na mumewe. Kuanzia saa sita mchana hakuna aliyebaki ndani kwa hiari. Watu walikaa nje kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na kivuli kilipohama walihama nacho pamoja na vigoda vyao.

Ndipo akaja Mtafiti. Alikuwa mzungu wa makamo, mpole, mtaalamu wa joto la mijini na jinsi mwili wa binadamu unavyolistahimili. Alileta tufe la shaba lililopakwa rangi nyeusi, ukubwa wa papai, na kipimajoto kimechomekwa katikati yake. Kipimajoto cha kawaida hupima hewa, alinieleza, lakini tufe hili huhisi na lile joto ambalo paa linakurushia mwilini, kama ngozi inavyolihisi. Tena alikuwa na karatasi za maswali: unasikia baridi, uko sawa, unasikia joto, unasikia joto kali? Unatoka jasho wapi? Kambi ilimbatiza jina siku ya pili tu: Bwana Jasho.

Alinichagua niwe mwandishi wake na mkalimani. Siku moja, tukiwa tunafuta tufe vumbi, aliniambia kwa Kifaransa jambo ambalo nimeishi nalo mpaka leo. "Wenye kambi wanataka kuongeza safu nyingine nyingi. Wamekubali kwamba nikiwaonyesha kwa namba jinsi mabati yanavyowaunguza watu, kila nyumba, ya zamani na mpya, itawekwa dari ya mbao. Bila namba hawatoi hata msumari mmoja. Lakini usiwaambie wakaaji. Wakijua, watazidisha malalamiko, na kazi yetu itaharibika."

Nilifurahi mno. Kila alipopata mimba mke wangu alikuwa akienda kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi, na mimi nilizijua namba za joto la Kamina kuliko mtu yeyote. Nilijua tufe lile likiingia nyumba moja tu saa nane mchana, dari imepatikana.

Kosa lilianza na adabu. Kwetu huingii nyumba ya mtu ghafla kama askari wa kodi. Unatuma habari kwanza. Mkuu wa Kituo naye akaniambia niende kambini kutangaza kwamba kesho saa nane tunapima nyumba tatu, ya kwanza ikiwa ya Mama Ngoie. Nilikwenda. Mwanamume wa kwetu hamtazami mama mkwe wake usoni, haingii nyumbani mwake, hali mbele yake, wala hampingi kwa neno lolote. Nikasimama nyuma ya ukuta, nimegeukia barabara, nikasema kwa sauti, "Mama, kesho wageni watakuja kuona nyumba." Akajibu kutoka ndani, "Tumesikia, mukwe. Tutabapokea."

Kesho yake Mtafiti aliingia na tufe lake, mimi nikabaki kizingitini nimegeuza uso, daftari mkononi. Alipaswa kusubiri muda tufe lizoee joto la nyumba, kisha anitajie namba. Alipozitaja, nilidhani nimesikia vibaya. Joto la mle ndani lilizidi lile la kibandani kidogo tu. Nikasahau heshima, nikatupa jicho ndani mara moja. Juu, chini ya mabati, kutoka ukuta hadi ukuta, vilitandazwa vikwembe, kama kwetu tunavyoita vitenge vya wanawake, vimefungwa kwa kamba, vyekundu, vya njano, na kimoja cha buluu chenye kuku weupe. Paa halikuonekana hata kidogo.

"Muulize," Mtafiti akasema, "kama vitambaa hivi huwa hapa siku zote."

Nikauliza, macho yangu barabarani. Mama Ngoie akajibu kwa sauti yake ya kupokelea wageni:

"Kila siku, Bwana. Nyumba yetu njo vile iko."

"Na muulize kama anasikia joto."

"Hapana, Bwana. Tuko muzuri. Tunashukuru sana."

Kile kikwembe cha kuku weupe nilikinunua mimi. Kilikuwa cha mke wangu, chenye alama ya kuungua pembeni alipokipiga pasi. Nilijua kimefika pale asubuhi ile. Nilielewa yote mara moja: mama mkwe wangu aliona haya kwa masizi na misumari, akawaazima majirani nguo zao ili mgeni asione aibu ya paa lake. Mwanamke yeyote wa heshima angefanya hivyo. Nilichotakiwa kufanya ni kusema sentensi moja kwa Kifaransa, lugha ambayo yeye hata haijui. Lakini sentensi ile ilikuwa inamwita mama wa mke wangu mwongo, mlangoni pake, mbele ya mzungu.

"Anasema kila siku," nikatafsiri.

Tulikwenda nyumba ya pili tukakuta dari ya vikwembe. Ya tatu, vivyo hivyo, na katikati yake kuku weupe wale wale, na alama ile ile ya pasi. Wanawake walikuwa wakikimbia nyuma ya nyumba kututangulia. Jioni mke wangu Ngoie alinisimulia huku akicheka mpaka akashika mbavu. "Mama alituchokesha leo! Tulifungua, tukakimbia, tukafunga tena. Bwana Jasho hakutoka jasho, njo siye tulitoka." Nikacheka naye. Safu ya maoni niliiacha tupu, nikatia sahihi.

Nilijipa siku kumi za kusema. Kila asubuhi nilijiambia leo, kila jioni nikajiambia kesho, mpaka Mtafiti akafunga masanduku yake, akanishika mkono na kuondoka. Miezi michache baadaye Mkuu wa Kituo alinisomea ripoti kwa furaha, maana jina la kituo chetu lilikuwamo. Ilisema kwamba wakaaji wamejitengenezea wenyewe dari ya vitambaa, hawana malalamiko, na dari ya mbao si lazima. Safu mpya zikajengwa kama za zamani. Nilipita hapo kila siku nikiwaona mafundi wakipigilia mabati.

Mwaka uliofuata, katika mwezi ule wa joto kabla ya mvua ya kwanza, Ngoie alijifungua msichana kwa mama yake. Mzazi na mtoto walikaa ndani, mlango umefungwa, kama inavyotakiwa mpaka kitovu kidondoke. Siku ya tatu alinitumia habari kwamba mtoto anachemka na hataki kunyonya. Mimi siruhusiwi kuingia. Nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nilitoa kibandani kipimajoto cha tatu, kile kinachoshika joto la juu, nikampa Ngoie kupitia dirishani akitundike kando ya kitanda. Jioni alinirudishia. Zebaki ilisimama mahali ambapo katika miaka yangu yote ya kibanda sikuwahi kuiona.

Nilikimbia nacho mpaka kwa Mkuu, nikamweleza kila kitu: vikwembe, mama mkwe, sentensi niliyoimeza. Alikisoma mara mbili. Kisha akakikung'uta, na ushahidi wangu ukashuka.

"Hii namba haina safu," akasema taratibu. "Iko ya nyumba, haiko ya kibanda. Na weye ulitia sahihi ku ile daftari ya kwanza. Nikiandika kama Banza alidanganya, batatupa daftari yote ya kituo, miaka yote. Na weye utatoka kazi. Unataka vile?"

"Mutoto yangu iko ndani, Bwana."

"Peleka mutoto ku daktari. Daftari haiponyeshe mutoto."

Nina familia, nilijiambia. Nina watoto wengine wa kulisha. Nikasema, "Hapana, Bwana, sitaki." Tulimpeleka mtoto kwa daktari kesho yake, na keshokutwa tukamzika. Daktari aliandika homa. Huenda ilikuwa homa. Sijui, na kutojua huko ndiko kunakonitafuna. Alikuwa hata hajapewa jina.

Niliendelea na kazi. Nilipandishwa cheo, nikafundisha wasomaji wapya kubana pumzi, nikastaafu macho yalipochoka kusoma mistari ya kioo. Waliniaga kwa hotuba wakasema daftari zangu ni safi kuliko za kituo chochote. Ni kweli, zilikuwa safi. Nikiwaona vijana wakipita kwenye nyumba za watu na vipimo vyao sina moyo wa kuwashauri. Mtu akikaribisha mgeni huficha kinachomuumiza. Hilo nililijua tangu nikiwa mtoto, na halikunisaidia. Sina tumaini kwamba litawasaidia nyinyi. Mabati yale yapo mpaka leo, na watoto wanazaliwa chini yake.

Muda mfupi baada ya kustaafu, Mama Ngoie alilazwa hospitali, akaomba niitwe niingie. Binti yake, mke wangu, alitoka akaketi nje, chini ya dirisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mama mkwe wangu usoni. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake.

"Mukwe," akasema, "bantu ba kambi banasema, bazungu bangetutilia plafo ya mbao, kama siye tungelalamika ile siku. Banasema njo minyi niliharibu. Weye ulikuwa pale. Iko kweli?"

 Nikamjibu jinsi mkwe anavyopaswa kumjibu mama wa mke wake.

"Hapana, Mama. Haiko kweli. Bazungu balisha kukata shauri mbele. Haukuharibu kitu."

Akashusha pumzi ndefu, akanishukuru, akageukia ukuta apumzike. Nilipotoka nje Ngoie alikuwa amesimama chini ya dirisha. Alikuwa amesikia kila neno, na kutokana na uso wangu alikuwa ameshaelewa yaliyobaki: kwamba dari ingekuja, na mimi nilijua.

"Mama umemufariji," akasema. "Na minyi? Minyi utaniambia nini?"

Tumezeeka pamoja tangu siku ile, na bado sijamjibu.