Daktari wa Mavi

Watoto wa kijiji cha Mwandiga humwita Daktari wa Mavi, naye huitika. Kila mwezi huja kwa pikipiki kwa bibi Rozalia, akachota kinyesi cha ng'ombe zizini na cha nyani shambani, akitafuta vijidudu vinavyohama kati yao hadi kwenye chakula cha watu. Humwomba ng'ombe radhi kabla ya kumgusa. Hunawa mpaka viwikoni, hunusa vidole, hunawa tena.

Akikaribishwa maziwa, husema ameshiba. Mara ya nne Rozalia alimshikisha kikombe. "Mwanangu, asiyegusa chakula changu ananiita mchafu. Kunywa, au usirudi."

Daktari akamtazama mjukuu wa Rozalia, aliyekuwa akilamba povu la kikombe chake. "Bibi, sikuwa nimeshiba. Naogopa maziwa mabichi. Ilifaa nikwambie tangu siku ya kwanza. Naomba sufuria."

Akachochea moto mwenyewe, akachuchumaa kwenye moshi mpaka maziwa yakachemka, akamimina vikombe vitatu, chake akakimaliza mpaka tone la mwisho.

Siku hizi Rozalia akisikia pikipiki hubandika sufuria ya maziwa. Na siku asipoisikia, huibandika vilevile.