Nilivyompiga lamination Bi Kidawa, na mwanawe anakuja Jumapili kumwona

Wakuu wa jukwaa, mlionizidi umri shikamooni, kama bado mpo. Wengine wote marahaba.

Ninayoandika hapa ni kweli tupu, na mashahidi wako hai, nitawataja kwa majina. Darasa nimeishia la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa upande ivukeni tu muendelee. Hapa nilipo naandika huku nacheka peke yangu, miwani inashuka puani.

Nipo Birmingham, Acocks Green, kwa binti yangu Zaituni, ambaye ni nurse.

Mume wangu, Mzee Seif, Mungu amrehemu, alikuwa mchora katuni. Anakaa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, anachora kwa wino kwenye karatasi ngumu, halafu anazituma Dar kwenye gazeti la vichekesho. Sharti lake moja: mkishachapa, original irudi kwangu.

Wenzake walimcheka. Karatasi imeshatumika, ya nini tena?

Basi zikawa zinarudi, mie naziweka chini ya godoro. Wenzangu walilalia akiba, mie nikalalia katuni.

Sasa sikilizeni. Wale watu wa kwenye katuni si wa kubuni, ni majirani zetu. Yule fundi cherehani mwenye futi shingoni ni Mzee Shekue. Muuza kahawa ni Athumani Kengeza. Hata paka ana jina, anaitwa Waziri, wa Mama Chausiku. Seif alikuwa mkimya, anachungulia tu, wiki ijayo umo gazetini.

Ila star wa zote ni Bi Kidawa.

Bi Kidawa alinunua makochi yakaja na nailoni, na nailoni hakuitoa mpaka anakufa. Ukikaa inalia kwaruu. Joto la Tanga mnalijua, ukitaka kuinuka unajibandua taratibu kama plasta ya kidonda. Ukigusa ncha ya ile nailoni anakwambia, "Iache hiyo, ndiyo inayoyaweka mapya." Seif akamchora anawapangusa wageni kwa kitambaa kabla hawajakaa.

Na Bi Kidawa hakupiga picha maisha yake. Alikataa hata harusini kwa mwanawe, akajifunika khanga usoni. Kwa hiyo hiyo katuni ndiyo sura yake pekee iliyobaki duniani.

Mwanawe huyo anaitwa Rehema, yuko hapa hapa Birmingham, Hodge Hill. Tulikutana harusini kwa watu. Nikamtajia mama yake, baba yake, na paka wa jirani. Akashika mdomo. Nikamwambia sura ya mama yako ninayo nyumbani.

Akanitazama sana. "Mama Zaituni, nakuja Jumapili. Nimeanza kusahau pua yake ilikuwaje."

Maneno hayo yaliniingia, wakuu. Nikasema huyu mtoto lazima amkute mama yake amependeza.

Jumamosi asubuhi nikavuta boksi la zile katuni, nililotoka nalo Tanga. Lilikuwa chini ya kitanda, limeegemea ukuta wa nje. Kuta za nchi hii zinatoa jasho. Kona ya boksi imeota ukungu mweusi, bado kidogo uzifikie karatasi. Moyo ukanipasuka.

Sasa mtu wa kwetu akitaka karatasi yake isioze anafanyaje? Semeni ukweli.

Anaipiga lamination.

Cheti cha kuzaliwa, cha la saba, cha ndoa, vyote. Kwetu cheti kisicho na lamination ni kama mtu katoka bafuni hajavaa.

Nikatia karatasi zangu kwenye mfuko, huyoo mpaka duka la stationery karibu na station. Nikamtanguliza Bi Kidawa kwa heshima, maana ndiye mwenye mgeni. Mwenye duka akamwingiza kwenye mashine, akatokea upande wa pili anang'aa, wa moto kama chapati. Nikampiga picha, nikarusha kwenye WhatsApp ya familia: Bi Kidawa tayari, wengine wako kwenye foleni.

Simu ikalia pale pale. Zaituni, yuko kazini.

"Mama, uko wapi?"

"Dukani. Umemwona alivyopendeza?"

"Mama, please. Umeshapitisha wangapi?"

"Mmoja tu. Anayefuata Mzee Shekue."

"Mzee Shekue asiingie kwenye hiyo mashine. Mshike mkononi urudi naye nyumbani, nakuja."

Kumbe original haipigwi lamination. Moto unaipika, gundi inazama ndani ya karatasi, na hakuna kurudi nyuma. Nikamtazama tena Bi Kidawa vizuri. Ile rangi nyeupe ambayo Seif alikuwa anafutia makosa imevimba, imefanya vipovu kuzunguka kochi lote.

Njiani nilikuwa nawaza la kumwambia Rehema. Niliwaza hata kumwambia Bi Kidawa amesafiri.

Zaituni alivyotoka kazini akanipeleka Kingstanding kwa Papa Kalala, Mkongomani, fundi wa fremu. Akamwangalia Bi Kidawa kwa tochi, akamgeuza, akakuna kidevu.

"Maman, hii plastique usivute. Ukivuta, na mama mwenyewe atakuja nayo. Tumuache vile. Tuokoe hawa wengine."

Akatufundisha, nami nawapa bure. Katuni isiguse kioo, inawekewa kadi ya kuzunguka pembeni ili ipumue. Isipigwe gundi wala selotepu mgongoni. Isitazamane na dirisha, jua linakula wino, hata hili jua la kuazima la huku. Zinazobaki zilale flat kwenye mafolda ya karatasi isiyo na asidi, boksi likae juu, ukuta wa ndani. Mie nimeongezea vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu vinavyonyonya unyevu, na Papa Kalala akasema très bien, yaani safi sana. Udi sifukizi tena sebuleni, chetezo nimekihamishia koridoni.

Na zisitundikwe zote mara moja. Ziende kwa zamu.

Hapo ndipo nilipopagawa, wakuu. Sasa hivi zamu ni ya Athumani Kengeza na Mzee Shekue, wako juu ya TV. Asubuhi nawasalimia. Zaituni anasema, "Mama, unaongea na ukuta." Namwambia ukuta gani, hii ni Ngamiani. Mwezi ujao anaingia Waziri, na Waziri na Athumani hawapatani, sijui nitawapangaje.

Jumapili Rehema akaja. Bi Kidawa nimemtundika peke yake, bila kioo, maana kioo cha nini, keshavaa.

Nilitaka nimpe chai kwanza ndipo niseme. Hakungoja chai. Akaenda moja kwa moja ukutani.

"Rehema mwanangu," nikamwambia, "nisamehe. Nimemharibia mama yako. Nimemtia nailoni."

Akanyoosha kidole, akakipitisha. Nailoni ikalia kwaruu.

Basi yule mtoto alicheka mpaka akakaa chini kwenye kapeti, Zaituni naye akamfuata. "Mama Zaituni," anasema, hata pumzi hana, "ametubandua mapaja utoto wetu wote. Leo imempata mwenyewe."

Alipotulia akainuka tena. Akarudisha kidole, safari hii puani. Akaipapasa ile pua juu mpaka chini, taratibu, kama mtu anasoma. "Ndiyo hii," akasema. "Ilikuwa na hiki kigongo." Machozi yanamtoka na bado anacheka.

Nikajiambia, hawa wengine wote nimewafungia kwenye vioo na mafolda, hakuna anayeweza kuwagusa. Huyu mmoja niliyemkosea ndiye anayegusika.

Nikamtoa ukutani nikampa, ni wa kwako. Alikataa, nikamlazimisha, kidogo tugombane mlangoni. Kabla hajamtia kwenye mfuko akachomoa kitambaa, akapangusa alama za vidole vyake. Zaituni akanibana kiuno. Na mie nilikuwa nimeona. Mama yake kabisa, mkono ule ule.

Jana kaniletea meseji: "Mama Zaituni, nimemtundika juu ya kochi langu. Halina nailoni. Naona kama amenuna."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Nililojifunza ni kwamba vyeti pigeni lamination mnavyotaka, ila kitu kilichochorwa na mkono wa mtu wenu muulizeni kwanza anayejua, na mkitoe uvunguni kabla ukuta haujakinywa. Na mkikosea, msimfiche mwenye mtu. Mwonyesheni.

Haya, semeni na nyie. Nani kwao makochi yalivaa nailoni? Na kama kuna mtu wa Ngamiani humu, ataje jina la bibi yake tu. Huenda yumo kwenye boksi langu, anasubiri zamu.