Komisyo ya Parrain Wangu

Mu Bukavu, mutu akitaka kuuzisha frigo, viti vya salon, kitanda ao hata mulango wa chuma, watamuambia: peleka kwa ule muzee wa telefone. Ule muzee ni mimi. Masomo niliachia mu primaire, walinifukuza juu ya minerval, feza ya masomo, na sikurudi tena. Nilikomalia mu mutaa wa Cimpunda, nikabeba magunia mu soko ya Kadutu, nikauzisha viatu vya kuvaliwa, halafu nikanunua telefone yenye foto nzuri, nikaanza kuuzishia watu vitu vyao mu ma-groupe ya telefone. Hakuna mutu alinishika mukono. Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, na wale waliokaaka mbele mu darasa wananitumia foto ya viti vyao, wananiomba niwasaidie. Ninaandika hii bila haya.

Kitu kimoja tu nilichelewa kukijua: kutaja komisyo, sehemu yangu ya bei, mbele ya kazi. Kwa watu nisiowajua nilikuwa nataja. Kwa marafiki, hapana. Rafiki anakuletea kitu chake, anasema «tutaangaliana», nawe unajibu «tutaangaliana», mambo imeisha. Ni neno tamu sana. Maana yake: wewe fanya kazi, mimi nitaona kama nitakuona.

Parrain wangu ndiye alinifundisha. Parrain ni ule mutu aliyesimama nyuma yetu kanisani siku ya ndoa, yeye na bibi yake, marraine wetu. Muke wangu akikasirika, ni kwao anakimbilia. Mimi nikikosea, ni yeye ananiita na kunikemea. Mutu wa namna ile haumuulizi bei. Kumuuliza parrain atakupa ngapi ni kama kumuuliza padri baraka yake inauzwa ngapi, hata kama kikapu cha sadaka iko inapita.

Alileta salon yake ya mbao, viti vya kitambaa cha velours vyenye harufu ya maziwa ya wajukuu. Nilivisugua na sabuni, nikaviweka karibu na dirisha ili mwangaza uviguse, nikatandika kitambaa cha muke wangu juu ya meza, nikapiga foto. Halafu maneno. Watu wanauliza, unajibu. Wanarudia ile ile, unajibu tena, na sauti ya kucheka. Wengine wanakuja kukalia viti, wanakunywa chai yako, wanaenda. Mwisho nikapata maman moja wa kisiwa cha Idjwi mwenye duka. Nilishusha ile salon mpaka bandarini na wabebaji, mvua inanyesha, udongo unateleza, na muguu wa kiti moja ukapasuka. Niliutengenezesha kwa feza yangu. Boti ilipoondoka nilipanda mulima, nikamupa parrain feza yote mukononi, sikutoa hata kitu. Akasema, vizuri mutoto wangu, tutaangaliana.

Nikangoja.

Siku ya ubatizo wa mujukuu wake tulikuwa wengi kwenye meza: watu wa shirika letu la parokia, majirani, wakwe. Parrain akaniita mbele yao, akaniwekea chupa moja ya bia, akasema hii ni yako ya salon. Nilicheka, juu nilifikiri ni mwanzo wa mambo. Nikamuuliza polepole, mu sikio, kama kwa ile kazi yote hakuna kitu kingine. Yeye hakujibu mu sikio. Alijibu kwa meza yote.

«Kazi gani, mutoto wangu? Ulibonyeza telefone na kidole. Kidole inachokaka?»

Walicheka. Muzee moja alicheka mpaka akapangusa macho na kitambaa cha meza. Mwingine akaniomba nimuoneshe kile kidole chenye njaa. Nilikunywa ile bia yote.

Ingeishia pale, pengine ningesamehe. Lakini maneno mu Bukavu inatelemuka mulima kuliko maji ya mvua. Maman anayeuzisha perruque za nywele, ambaye siku zote alinilipa vizuri, akaniletea nusu ya komisyo. Nikamuuliza sababu. Akasema hata parrain wako mwenyewe anasema ni kazi ya kidole. Fundi wa magodoro akasema vile vile. Dereva moja akaniambia mutoto wake wa shule anaweza kufanya kazi yangu akitoka kucheza mupira. Ndiyo nilielewa parrain alichonitosha mukononi. Hakunitosha komisyo ya salon tu. Alinitosha jina, na mimi sina diplome ya kutundika ukutani. Jina ndilo linalisha nyumba yangu.

Muke wangu alisema niache, ni parrain. Nilimujibu nimeacha. Niliacha namna mutu anaachaka maharagi juu ya makala ya moto.

Kwanza nilipanga sheria yangu. Nilifikiri sana juu ya haki, juu mutu aliyeibiwa anaweza kuwa mwizi haraka. Nikasema: sehemu moja juu ya kumi, kwa rafiki na kwa mutu wa barabarani, sawa sawa. Kubeba ni ya mwenye mali, muguu ukivunjika ni yake. Kitu kisipouzwa, hanidai, simudai. Na inasemwa mbele ya foto, kwa mudomo, si kwa macho. Niliituma mu ma-groupe yote. Marafiki wengine walinuna. Wacha wanune.

Halafu parrain akarudi. Mutoto wake alikuwa anataka kuoa, wakwe wanangoja ng'ombe za mahari, na yeye alikuwa na moteur, injini ya boti, imelala mu depo. Alikuja anatabasamu, akakaa mu kiti changu kizuri, akaanza: «Tutaangaliana…»

«Hapana, parrain,» nilisema. «Kazi ya kidole haistahili kulipwa. Hii nakufanyia bure.»

Alifurahi. Alinibariki, kweli, na mukono juu ya kichwa.

Nilipiga foto nzuri kuliko zote za maisha yangu. Ile moteur iling'aa kama imetoka kiwandani leo. Nikaandika bei ni ya kusikilizana, nikatuma kila mahali, na chini yake nikaweka namba ya parrain mwenyewe. Sikudanganya mutu. Sikuongeza uongo hata moja. Nilimupa tu ile kazi.

Telefone yake ilianza kulia akiwa angali kwangu, na haikunyamaza. Walimupigia kanisani. Walimupigia akiwa anaoga. Walikuja kwake kuangalia, wakaomba iwashwe ndani ya pipa la maji, wakasifu, wakala, wakaenda kufikiri. Mimi nilikuwa napita mbele ya nyumba yake na kusalimia sana. Minakuambia, hata viatu vyangu vilikuwa vinafurahi.

Wakwe walipotuma mutu kuuliza juu ya ng'ombe, parrain akanifuata. Macho yake yalikuwa mekundu.

«Mutoto wangu, hawa ni watu gani? Moja anataka kunipa mbuzi na maharagi. Bwana moja wa Idjwi ananiita petit, eti mudogo. Mimi, petit!»

«Pole, parrain. Uliwajibu vizuri?»

«Nilimutukana.»

«Basi ule alikuwa mununuzi.»

Akavua kofia. Halafu akaniuliza komisyo yangu ni ngapi. Nilisema mbili juu ya kumi, na ataitaja Jumapili kwenye shirika, kisha ya sala, mbele ya wale wale waliokuwa kwenye meza yake. Muke wangu, aliyekuwa anachambua mboga pale pembeni, alisema ile si komisyo tena, ile ni azabu. Nilimuambia ameelewa vizuri.

Jumapili parrain alisimama. Alisema amejaribu kazi yangu mwenyewe na imemushinda, ni kazi, na atanipa mbili juu ya kumi. Safari hii hakuna aliyecheka. Nilimutafuta ule wa Idjwi, nikamuomba musamaha kwa niaba ya muzee, na moteur ikavuka ziwa. Ng'ombe zikaenda kwa wakwe. Parrain alinilipa yote.

Kisha wiki kidogo alisikia wengine wanatoa moja. Alinikuta njiani, akauliza mbona yeye mbili.

«Wale hawakunifanya kichekesho,» nilisema.

Alirekebisha kofia yake, akaenda. Muke wangu anasema nilizidisha, na pengine marraine analia juu yetu mu sala zake. Sijarudisha kitu, na sitarudisha. Maman wa perruque analipa tena sawa. Na parrain, akiniletea mutu mwenye kitu cha kuuzisha, anamuambia kwanza, mbele yangu: uliza komisyo yake. Sauti yake inakuwa ndogo pale. Mimi simusaidii, namuacha aseme mpaka mwisho.