Shimo Lililokataa Kukaa Katikati

Hadi leo nikinusa mafuta ya mashine yaliyoungua, pua yangu huongeza yenyewe harufu ya kahawa iliyoanza kuchacha, na hasira hunipanda kabla sijajua nimekasirikia nini. Ilikuwa likizo ya Desemba, nami nilikuwa nimemaliza darasa la sita. Binamu zangu wa Naro Moru walikuwa wananingoja, na mama alikuwa ameshanifulia sweta ya safari. Lakini baba alikuwa na karakana Ruring'u, ya mabati, yenye mashine kuukuu ya kukereza vyuma aliyoachiwa na babu, na msaidizi wake alikuwa ameenda kwao kwa sikukuu. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kwa hiyo nikavukuta: nikafagia vumbi la chuma linalochoma vidole, nikashika kopo la mafuta, nikasikiliza baba akigombana na vitu visivyoweza kumjibu.

Kisa chenyewe kilikuwa bushi moja ya shaba, mrija ambamo mhimili wa mashine huzungukia. Mashine ya kumenya kahawa katika kiwanda cha kijijini kwetu ilikuwa imekula bushi yake katikati ya mavuno, na watu walikuwa wakirudishwa nyumbani na magunia ya kahawa mbivu. Kahawa iliyokwisha chumwa haina subira. Ya mama ilikuwa imemwagwa kwenye turubai uani, ikigeuka rangi huku sote tukiitazama. Bushi mpya ilitakiwa kuwa ndefu, na shimo lake jembamba mno kiasi kwamba kisu cha kuchonga kwa ndani hakingeingia. Ilibidi litobolewe kwa kekee moja kwa moja, na litokee katikati upande wa pili. Baba aliifunga kekee mahali pake pa siku zote, kwenye kichwa cha nyuma cha mashine. Kichwa hicho kilikuwa kimechakaa, kikicheza kama jino bovu. Shimo lilianzia katikati vizuri kabisa, likatokea pembeni. Akalaumu kekee, akainoa. Kipande cha pili kikatoka vilevile. Akalaumu shaba, akalaumu umeme, akanilaumu mimi kwa kumwaga mafuta upande mmoja. Nilitamani kulia, lakini kwa baba machozi nayo yangelaumiwa.

Ndipo akaja shangazi Wangeci, dada yake mdogo, kahawa yake mwenyewe ikiwa imekataliwa kiwandani asubuhi hiyo. Babu aliwafundisha wote wawili kazi ya mashine, lakini alipofariki mashine ikaenda kwa mwana wa kiume, na hakuna aliyewahi kulizungumzia jambo hilo mezani. Shangazi aliokota bushi iliyoharibika, akachungulia ndani yake kama mtu anayetazama kisima.

"Hii kichwa ya nyuma imekufa," akasema. "Funga kekee huku mbele, pahali pa kisu."

"Hapo ni pa kisu," baba akajibu.

"Baba yetu alikuwa anafanya hivyo."

"Ati baba? Ningemuona."

"Ulikuwa umelala."

Sikio la kufa halisikii dawa. Baba akaharibu kipande cha tatu huku dada yake akimtazama, kisha akatupa kitambaa chini na kwenda mjini Nyeri kutafuta shaba nyingine.

Alipoondoka tu, shangazi akafunga kanga kiunoni. Alichukua kipande cha chuma chenye tundu la bolti ubavuni, akakibana kwenye kishikio cha kisu. Kekee akaifunga kwenye mataya yanayozunguka, pale panaposhikwa siku zote kipande kinachochongwa, akaiwasha mashine na kukisukuma kile chuma kuelekea kwenye kekee mpaka kikatoboka. "Unaona?" akaniambia. "Mashine imejionyesha katikati yake yenyewe. Sasa tusiisogeze kushoto wala kulia. Mbele na nyuma tu." Akaihamisha kekee kutoka kwenye mataya, akaiingiza katika tundu lile jipya na kuikaza kwa bolti. Nikaelewa papo hapo, na kuelewa kukanizidishia hasira. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo!

Baba alirudi na kipande kimoja cha shaba, cha mwisho alichopata. Aliona mashine ilivyopangwa, akakikumbatia kifuani.

"Na ukiharibu?"

"Nikiharibu tutakuwa wawili."

Wakasimama pale, watu wazima wawili, na kahawa ya kijiji kizima ikioza. Sijui sauti ilitoka wapi. "Baba, mpe!" nikapiga kelele. Kwetu mtoto hampigii babake kelele. Nilingoja kofi. Badala yake alinyoosha mkono na kumpa.

Shangazi aliibana shaba kwenye mataya, akaanza na kekee fupi isiyoyumba, kisha akaweka ndefu ya unene uleule. Alizungusha gurudumu polepole, akiirudisha kekee kila mara ili vumbi la shaba litoke, nami nikidondosha mafuta. Moshi ulipanda. Kekee ilipotokea upande wa pili, baba aliipokea bushi kabla haijapoa, akaingiza chuma cha kupimia, akazungusha. Hakikucheza hata kidogo. Akazungusha tena. Tukangoja neno.

"Mafuta mmetumia mengi," akasema, akaichukua na kuipeleka kiwandani mwenyewe.

Jioni hiyo mashine ilinguruma bondeni, na mama akabeba kahawa yake iliyosalimika. Siku hizi mimi nina karakana yangu Kerugoya, yenye mashine inayoonyesha vipimo kwa tarakimu, na vijana wangu hujifunza mbinu ileile kwa kutazama video kwenye simu, hawahitaji kumwomba mtu ruhusa. Baba amezeeka. Wageni wakimtembelea huwasimulia jinsi alivyogundua njia ya kutoboa kwa kishikio cha kisu, mwaka ule kahawa ilipokaribia kuoza. Mwezi uliopita nilimsikia kwa masikio yangu, nikatoka nje nikampigia shangazi simu.

"Ameanza tena," nikamwambia. "Wewe hukasiriki?"

Alicheka. "Kahawa si ilimenywa?"

"Ilimenywa."

"Basi."

Yeye ameridhika. Mimi bado.